Ziara ya makanisa saba Uturuki: nyota tatu na nusu, na moja nzima ni ya bomba la mawe

Haya nimerudi, nimelala siku mbili, miguu imepungua kuvimba, sasa niandike kama nilivyoahidi maana kila siku watu wananiuliza vipi ile safari, inalipa au hailipi. Kampuni siitaji jina, bado tunadaiana na mimi sitaki kesi. Na hata hivyo kampuni hizi zote zinauza kitu kilekile, siku nane, makanisa saba yaliyopelekewa barua kwenye kitabu cha Ufunuo, hoteli ya nyota nne, basi la AC, na lile tangazo lao la "utatembea walipotembea mitume". Sisi tulikuwa 31, wengi wa Dodoma na Morogoro, wachache wa Nairobi tukakutana nao Istanbul, kisha ndege nyingine mpaka Izmir, na Izmir ndo Smirna yenyewe, kwa hiyo ukishuka tu umeshaingia kwenye Biblia hata kama macho yamejaa usingizi.

Hela kwanza. Dola 1,950 kwa mtu, chumba mnalala wawili, tiketi ya ndege humohumo. Visa juu yako, lanchi juu yako, na kuna bahasha ya "asante" ya dereva na muongozaji ambayo Dodoma hukuambiwa unakuja kuambiwa kwenye basi mbele za watu ambapo huwezi kukataa. Hoteli safi sana sina neno. Chakula cha asubuhi nyanya, matango, zeituni, jibini, kesho yake nyanya, matango, zeituni, jibini. Kuna mama mmoja wa Morogoro alikuja na pilipili yake kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, siku ya tatu alikuwa ndo mtu mwenye marafiki wengi kuliko wote.

Sasa mimi kilichonipeleka. Nafundisha sande skuli, na jioni za Alhamisi tunasoma Biblia na watu wazima mtaani kwetu. Kuna mstari mmoja umenisumbua tangu mdogo, Ufunuo 3:15, barua ya Laodikia. "Nayajua matendo yako, ya kuwa hu baridi wala hu moto, ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto." Na unaofuata anasema kwa sababu una uvuguvugu, nitakutapika. Nimehubiriwa huo mstari si chini ya mara ishirini na kila mara maana ni ileile, moto ni mlokole anayewaka, baridi ni mpagani asiyetaka kumsikia Yesu, vuguvugu ni yule wa Jumapili kanisani Ijumaa baa. Sawa. Ila mbona Yesu anasema heri uwe baridi? Yaani anataka mtu awe mpagani kabisa? Niliwahi kumuuliza marehemu baba, yeye alikuwa mwinjilisti, akaniambia mwanangu mengine tutaelezwa mbinguni. Basi mimi nikasema kabla ya mbinguni ngoja nipitie Uturuki.

Siku ya tano ndo ilikuwa siku yangu. Asubuhi wakatupeleka Pamukkale, ambako kwenye Biblia ni Hierapoli, ipo imetajwa Wakolosai 4:13 pamoja na Laodikia, mstari ambao tunausoma haraka kama orodha ya vituo vya daladala. Pamukkale maana yake ngome ya pamba na ukiuona ule mlima utaelewa, mweupe pe, maji ya moto yanatoka juu yanateremka na chokaa yake, yanaganda, yanajenga mabeseni ya jiwe jeupe ngazi kwa ngazi. Unavua viatu unatembea ndani ya maji, ya uvuguvugu mtamu wa kuoga mtoto. Wamejaa watalii wa dunia nzima wanapiga selfi. Wagonjwa walikuwa wanakuja hapa tangu enzi za Warumi kujichovya wapone, na pembeni kuna makaburi mamia kwa mamia, kumbe wengi walikuja kutibiwa wakabaki hapohapo.

Ukiwa juu pale ukatazama ng'ambo ya bonde, kama kilomita kumi hivi, unaiona Laodikia. Na ukiwa Laodikia unauona ule weupe wa Hierapoli muda wote, hauwezi kuukwepa. Hicho peke yake hakuna mhubiri aliyewahi kuniambia. Wale watu waliopelekewa barua walikuwa wanafungua dirisha wanaona chemchemi za moto.

Laodikia yenyewe ipo juu ya kilima, mji ulikuwa mkubwa, kumbi mbili za wazi za maonyesho, barabara ya mawe yenye nguzo, kanisa la karne ya 4 ambalo wachimbaji wa chuo kikuu cha Pamukkale waliligundua mwaka 2010 chini ya udongo, sasa wamelijengea paa unatembea juu ya kioo unaona sakafu ya vigae chini. Zuri. Lakini mimi niliganda kwenye kitu ambacho wenzangu walikipita wakadhani kifusi. Ni mawe makubwa ya mraba yametobolewa katikati, yanapangwa jiwe kwa jiwe mpaka yanakuwa bomba. Mji ule haukuwa na chemchemi ya kuutosha pale juu, maji yalivutwa toka kusini, huku Denizli ya leo, kwenye mifereji, kisha yanashuka bondeni ndani ya hayo mabomba na msukumo wake mwenyewe unayapandisha tena kilimani. Nikachungulia ndani ya jiwe moja. Tundu limeota ukoko mweupe wa chokaa, tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti, mpaka katikati pamebaki njia ya vidole vitatu. Nikaingiza vidole vyangu.

Mtu wa Dodoma haambiwi hilo mara mbili. Sisi tunaijua hiyo chokaa, birika ukilichemshia maji ya kisima mwezi mmoja tu linaota gamba ndani, chai ina ladha ya sarafu, mgeni akija toka Dar anakunywa funda moja anakuangalia usoni. Nilicheka peke yangu pale nikishika jiwe, dada mmoja wa Nairobi akauliza we mama uko sawa?

Ila picha ilikuwa haijakamilika, na hapa ndo lawama yangu kubwa ya kwanza. Kolosai iko upande wa mashariki, siyo mbali, chini ya mlima Honaz, na kwenye ratiba yao HAIPO. Kisa nini, kisa siyo mojawapo ya makanisa saba na eti hakuna cha kuona. Ni kweli hakuna cha kuona, ni kilima cha nyasi, sehemu kubwa bado haijafukuliwa. Sisi watano tukaamua kuchanga, tukakodi gari jioni wakati wenzetu wamepelekwa duka la mawe ya onyx. Tukafika, kilima, nyasi, kibao kimoja, kondoo. Lakini mlima uko pale juu yako wenye theluji bado, na maji yanayoshuka kule ni ya baridi, baridi ya kukata meno. Nimenawa uso, nikajaza chupa, nikanywa nusu nikiwa nimesimama. Baada ya jua la siku nzima kwenye yale mawe, jamani.

Basi pale ndo mstari ukanifungukia, na sikuhitaji mtu kunieleza. Moto unaponya. Baridi inaburudisha. Vyote viwili ni vizuri! Kinachotapikwa ni yale ya katikati yasiyofanya kazi yoyote, wala huwezi kuogeshea mgonjwa wala kumkaribisha mgeni. Yesu hakuwa anawaambia afadhali muwe wapagani, anawaambia hamfai kitu, kama maji ya mji wenu. Baba angekuwepo ningempigia simu nikiwa palepale kwenye nyasi.

(Nilikumbuka na Chemka yetu kule Boma Ng'ombe, jina Chemka halafu maji vuguvugu, na watu wanalipa kiingilio kuogelea. Kwa hiyo vuguvugu nalo lina wateja wake, ila ni la kuogelea, siyo la kunywa.)

Sasa subirini kidogo maana sipendi kuwauzia kitu kizima kumbe kina ufa. Muongozaji wetu, gaidi wetu, wa utalii jamani msinipeleke polisi, alivyoielezea hiyo habari ya maji aliielezea kama vile Yohana, mwandishi wa Ufunuo, aliandika tanbihi mwenyewe. Usiku hotelini waifai ilikuwa nzuri nikakaa kusoma, nikakuta wasomi wenyewe hawajakubaliana. Strabo, yule mwanajiografia Mgiriki wa kipindi kilekile cha Yesu, anasema maji ya Laodikia yanageuka jiwe kama ya Hierapoli lakini YANANYWEKA. Na pale pale magofuni walifukua jiwe la sheria ya maji la mwaka 114 BK, lina faini nzito kwa anayechafua au kuiba maji ya mji, sasa watu hawaweki faini kwa maji ya kutapika, si ndio? Wengine wanasema usiangalie mabomba kabisa, angalia meza. Enzi zile mgeni alipewa divai ya kupozwa au ya kupashwa moto, hakuna aliyekaribisha mtu kwa kinywaji kilichopoa mezani, na mstari wa 20 barua hiyohiyo inaishia mezani, "nitaingia kwake, nami nitakula pamoja naye". Mimi hiyo nimeipenda pia. Na ukiangalia vizuri, ya mabomba au ya mezani, zote mbili zinaua yale mahubiri ya zamani maana kote baridi ni kitu kizuri. Kwa hiyo nimerudi na maelezo mawili badala ya moja na silali vibaya.

Ila muongozaji alipaswa kusema. Dola 1,950 nilizolipa ni pamoja na haki ya kuambiwa "hapa tunajua, hapa tunahisi".

Nimpe haki yake lakini, kuna sehemu aliua kabisa. Alitusimamisha kwenye ile barabara ya nguzo akauliza, nani kati yenu mji wake umewahi kuanguka wote? Kimya. Akasema huu ulianguka, tetemeko, mwaka 60, na Tasito mwanahistoria wa Roma ameandika kwamba Laodikia iliinuka kwa mali yake yenyewe bila msaada wa Roma. Miji mingine ilikuwa inaomba, hii haikuomba. Mji wa mabenki, Cicero mwenyewe, yule mwanasiasa wa Roma, miaka mia na ushee kabla ya hapo alipokuwa gavana upande ule alipanga kuchukulia hela zake hapa. Halafu akamuomba mchungaji wetu asome mstari wa 17. "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Mchungaji akasoma, akanyamaza, akasoma tena. Ule mstari nilikuwa naujua kama majivuno ya matajiri kwa ujumla, kumbe inawezekana kabisa ni sentensi ambayo mji mzima ulikuwa unaisema kwa sauti, wajukuu walisimuliwa na mabibi, sisi hatukuomba mtu. Kwa nukta hiyo peke yake nampa muongozaji nyota yake.

Baada ya hapo akaharibu tena. Mavazi meupe kwenye mstari wa 18, akasema ni kwa sababu Laodikia ilikuwa maarufu kwa sufu nyeusi. Hiyo sawa, Strabo huyohuyo anaisifia ile sufu, rangi kama ya kunguru. Dawa ya macho, mstari huohuo, akatuonyesha kwa kidole "kiwanda kilikuwa pale". Hakuna kiwanda. Kilichopo ni kwamba karibu na Laodikia kulikuwa na shule ya waganga, na kuna dawa ya unga ya macho ya Frigia inayotajwa na waandishi wa kale, na Laodikia iko mpakani mwa Frigia, basi watu wameunganisha. Inawezekana. Ila kutoka "inawezekana" mpaka "kiwanda kilikuwa pale" ni safari ndefu kuliko Dodoma–Izmir.

Na kilele cha hayo kilikuwa ndani ya basi, siku ya pili, tunatoka Bergama. Mzee mmoja mwenzetu, mtu wa maduka, akauliza habari ya ngamia na tundu ya sindano, pale Yesu anaposema ni rahisi ngamia kupita humo kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu. Muongozaji akashika maiki kwa furaha, akaeleza kwamba Yerusalemu kulikuwa na mlango mdogo unaitwa Sindano, ngamia alipita akipiga magoti na kushushwa mizigo. Basi zima aaah, oooh, mzee wa maduka akapumua kabisa nikamuona. Wapendwa, huo mlango haupo. Hakuna aliyewahi kuuchimba wala kuutaja katika wakati wa Yesu, hiyo hadithi inaanza kusikika karne nyingi baadaye, zama za kati. Ukitaka muktadha wa kweli upo na ni mtamu zaidi, marabi wa Kiyahudi kwenye Talmud yao ya Babeli, kitabu cha mafundisho yao, wana msemo wa namna hiyohiyo wa ndovu kupita kwenye tundu la sindano, kwa maana ya kitu kisichowezekana hata ndotoni. Babeli ndovu, Galilaya ngamia, kila mtu anachukua mnyama mkubwa aliye karibu. Na soma wanafunzi walivyojibu, walishangaa mno wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Kungekuwa na mlango wa kupiga magoti wangeshangaa nini? Hii nilimwambia mchungaji pembeni kwa adabu, akasema mama, acha watu wafurahie safari. Nikaacha. Ila nimeona kitu, hizi "historia" za uongo zina tabia moja, zinamshusha mtu presha. Ile ya kweli ya mwaka 60 ilitunyamazisha.

Hiyo Bergama nayo, yaani Pergamo, ambayo barua yake inataja "kiti cha enzi cha Shetani". Mnapanda kwa keboka, yaani gari la kamba, upepo mkali, ukumbi wa wazi wa maonyesho uliokaa kwenye mteremko mpaka unaogopa kukaa. Akatuonyesha msingi wa madhabahu ya Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, ngazi chache na miti miwili mitatu, akasema hiki ndicho kiti. Madhabahu yenyewe iko Berlin, Wajerumani waliichimba kuanzia 1878 wakaihamisha, wakaijengea jumba, ambalo nalo sa hivi limefungwa kwa ukarabati. Mzee mmoja akasema basi wameiweka na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, tukacheka, maana ni kweli mifupa ya mjusi wetu wa Lindi nayo iko Berlin hukohuko, jumba lingine tu. Lakini kuhusu kiti, wengine wanafikiri ni hekalu la Augusto, Pergamo ndo ilikuwa ya kwanza jimbo lile kupewa ruhusa ya kumwabudu kaisari, mwaka 29 KK, na kama barua inawahusu watu walioambiwa wamfukizie kaisari uvumba au wafe, hiyo inaingia zaidi akilini kuliko madhabahu moja ya miungu kati ya nyingi. Wengine wanasema yule mungu wa uganga na nyoka wake. Hayo yote hakuyagusa, tulikuwa tunawahi duka la ngozi.

DUKA LA NGOZI. Muda wa saa mbili kasoro. Wametufungia ndani na muziki, wanamitindo wanapita, juisi ya komamanga ya bure, koti dola 900 linashuka mpaka 400 ukigusa mlango wa kutokea. Thiatira tulipewa dakika ishirini! Nimeangalia saa. Thiatira ni kiwanja kidogo chenye uzio katikati ya mji wa Akhisar, magari yanazunguka, mtu anaweza kusema dakika ishirini zinatosha. Hazitoshi kama kuna mtu wa kukueleza. Mji ule ulijaa vyama vya mafundi, yamekutwa maandishi ya mawe ya watia rangi, wasuka kitani, watengeneza ngozi, wafua shaba, waoka mikate. Lidia muuza rangi ya zambarau wa Matendo 16 alitoka hapa. Na hivyo vyama vilikuwa na karamu zao na miungu yao, nyama inachinjwa kwa mungu wa chama, usipokula umejitoa, ukijitoa nani atakupa kazi? Sasa rudi usome kwenye barua ya Thiatira yule "Yezebeli" anayewafundisha watu kula vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Nilikuwa nadhani ni mwanamke wa anasa tu. Kumbe huenda alikuwa anawaambia fundi wewe kula, mungu yule si kitu, watoto wanakula nini nyumbani? Hilo swali mtu wa kikoba analielewa, mtu wa stendi anayelazimishwa mchango wa kitu asichokiamini analielewa. Hii alinieleza mchungaji wetu, siyo muongozaji, kwenye foleni ya choo.

Efeso ndo kila mtu atawaonyesha picha, kwa hiyo nitakimbia. Ukumbi wa wazi wa watu kama 25,000, ule wa Matendo 19 walipopiga kelele kwa muda wa saa mbili "Artemi wa Waefeso ni mkuu", yule mungu wao wa kike. Vijana wa Nairobi wakajaribu kupiga kelele, sauti inapanda mpaka juu kabisa safi, mlinzi akapuliza filimbi. Nje getini wanauza visanamu vya Artemi vya kila saizi, nikasema kumbe Demetrio mfua fedha, yule wa Matendo 19 aliyeuza vihekalu vya Artemi, hajafa, biashara yake inaendelea. Hekalu la Artemi lenyewe, lililokuwa moja ya maajabu saba ya dunia, imebaki nguzo moja kwenye dimbwi, korongo amejenga kiota juu. Na tafadhali wapendwa mlioposti picha mbele ya ile maktaba ya Celsus mkaandika "hapa Paulo alifundisha", ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2, Paulo alikuwa Efeso miaka ya 50. Muongozaji hakusema uongo huo, ila aliwaona mnapiga picha mnasema hivyo akatabasamu tu.

Sardi tulifika jua limechwea kwa sababu ya lile koti la dola 400. Hekalu kubwa, sinagogi kubwa ajabu, na ule mwamba juu yake. Hakusema neno kuhusu mwamba! Mji ule uliaminika hauingiliki na ukaingiliwa mara mbili kwa njia ileile, mara ya kwanza na askari wa Koreshi mfalme wa Uajemi karne ya 6 KK, Herodoto mwanahistoria Mgiriki anasimulia kwamba mlinzi aliangusha kofia yake ya vita, akashuka mwambani kuiokota, askari wa chini akaona kumbe panashukika, basi panapandika. Miaka mia tatu na ushee baadaye mfalme Antioko naye akaupata hivyohivyo, upande ambao hakuna aliyeulinda. Halafu barua ya Sardi inasema "usipokesha, nitakuja kama mwivi". Sisemi mstari umetoka kwenye kofia, habari ya mwivi ipo pia Mathayo na Wathesalonike. Nasema mtu wa Sardi akisomewa lazima aliangalia juu.

Halafu Filadelfia, siku ya sita. Hapo sikutegemea chochote. Ni mji wa Alaşehir, mnapita vichochoro vya nyumba za watu, nguo zimeanikwa, paka, mara mnakuta katikati ya mtaa nguzo nene za matofali, kubwa kama nyumba, zimesimama peke yake. Ni za kanisa la Mtakatifu Yohana, baadaye sana, enzi za Bizanti, siyo za wakati wa Ufunuo, na muongozaji kwa mara ya kwanza alisema hivyo mwenyewe, nikampigia makofi moyoni. Eneo lile lilipigwa na tetemeko kubwa mwaka 17, Kaisari Tiberio akawasamehe kodi miaka mitano, mji ukajiita jina jipya kwa heshima ya kaisari. Na Strabo anasema kule kuta zilikuwa zinapasuka kila siku, watu wengi wakaamua kuishi mashambani kwa hofu. Barua yao? "Yeye ashindaye nitamfanya kuwa nguzo katika hekalu la Mungu wangu, wala hatatoka humo tena kabisa", na ataandikwa jina jipya. Watu ambao kila usiku wanatoka nje na watoto mgongoni, wanaambiwa hamtatoka tena. Nilikaa chini kwenye ukuta mdogo. Bibi mmoja wa mtaani akaja na bakuli la zabibu kavu, hatujui lugha, akaonyesha kula, kula. Nikamnunulia kilo mbili, nyumbani zimeisha juzi.

Kwa anayetaka kwenda, chukueni mtu wenu anayesoma, mchungaji au mwalimu, msitegemee kampuni. Someni barua zile saba kabla, dakika ishirini tu zinatosha, watu walifika Pergamo hawajui wako sura ya ngapi. Ombeni Kolosai iingizwe kwenye ratiba kwa maandishi kabla ya kulipa, na duka la ngozi litolewe au lipewe dakika zake. Viatu vya raba vyenye meno, mawe ya Efeso yanateleza kama sabuni. Wazee wenye magoti, Pergamo na Pamukkale mfikirie mara mbili, mama yangu mdogo alibaki kwenye basi siku mbili na hela alilipa kamili.

Alhamisi iliyopita nilifanya na watu wangu. Vikombe vitatu, chai ya moto, maji ya friji, na maji ya kisima chetu niliyoyaacha mezani tangu asubuhi. Kila mtu anywe funda la kila kimoja kwanza, ndo tufungue Biblia. Fundi mmoja kaonja cha tatu akakirudisha mezani taratibu akasema, mwalimu, hiki mbona ndo tunachokunywa kila siku.

Nyota tatu na nusu. Na dola 10 nilizolipishwa mara mbili kwenye bwawa la kuogelea lenye nguzo za kale kule Pamukkale bado hawajanirudishia.